Sura ya Tano: Dawa za Kichwa

Katika maduka ya viungo na dawa yanayoizunguka Marikiti ya Mombasa, pale Langoni, na katika vichochoro vinavyoshuka kuelekea Mji wa Kale, hakuna mteja anayeomba dawa ya mfumo wa neva. Wateja huja na lugha nyingine. "Ami, usingizi hauji." "Mama ana wasiwasi, moyo wenda mbio." "Mtoto anashtuka usiku." Muuzaji husikiliza, hunyoosha mkono rafuni, hushusha mkebe, hupima kidogo kwenye mizani na kufunga karatasini. Kabla mteja hajaondoka huongezewa maneno mawili matatu ya matumizi: kwa maziwa ya moto, usiku, kabla ya kulala. Kiasi gani hasa, mara nyingi huachiwa mkono wa mpishi.

Sehemu kubwa ya ujuzi ulio katika mazungumzo hayo mafupi ni Ayurveda, tiba kongwe ya Bara Hindi. Vitabu vyake vikuu, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vinafundisha kwamba mwili huendeshwa na nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Maradhi ya akili na neva huangukia zaidi upande wa vata, yaani upepo: kutetemeka, kukesha, mawazo yasiyotulia, maumivu yanayohamahama. Tiba yake basi hulenga kuutuliza upepo huo kwa vitu vya moto, vya mafuta na vizito. Ndipo yanapoingia maziwa, samli, mafuta ya ufuta na mizizi iliyosagwa.

Charaka anaitaja mimea minne ya kunoa akili na kumbukumbu, na mmojawapo ni mwenyeji wa siku nyingi Pwani: urukususu, ule mzizi mtamu wa kutafuna. Charaka aliuagiza unga wake unywewe kwa maziwa, na mpaka leo wapo wanaofanya hivyohivyo. Karatasi ya kufungia haiandiki kwamba urukususu ukitumiwa kwa wingi kila siku huufanya mwili ushikilie chumvi na kupoteza potasiamu. Presha hupanda. Kwa mzee ambaye tayari anameza vidonge vya presha, hasa vile vya kukojoza, dawa hiyo ya kumbukumbu inaweza kumtia matatani moyoni.

Dukani hapo vitu hivi vililetwa na bahari. Majahazi ya Kachi na Gujarat yalishuka na upepo wa kaskazi na kurejea na kusi, na Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaieleza Mombasa kuwa bandari iliyofanya biashara na meli za Cambay. Mabohora, Makhoja na Mabaniani walikwishafungua maduka Mji wa Kale kabla ya garimoshi kuwapo. Kisha, kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Uganda kuanzia hapa kisiwani. Wengi wao walirudi makwao, lakini maelfu walibaki, na waliobaki walihitaji dawa walizozizoea.

Ila si sahihi kusema Ayurveda ilikuja Mombasa na Wahindi peke yao. Ilikuwa imeshapitia Baghdad. Katika zama za Harun al-Rashid, mwishoni mwa karne ya 8, tabibu wa Kihindi aliyeitwa Manka alishiriki kazi ya kuvigeuza vitabu vya tiba vya kwao, kikiwamo cha Sushruta, kutoka Kisanskriti. Ujuzi huo uliingia katika tiba ya Waarabu na Waajemi, ukachanganyika na wa Wayunani, na ukafika Pwani umevaa kilemba. Ndiyo sababu shekhe wa mtaa wa Kibokoni anayepima ugonjwa kwa hari na baridi, yabisi na rutuba, na mama wa Kigujarati anayeuhofia upepo wa vata, wanaweza kununua kitu kilekile, kwa muuzaji yuleyule, kwa sababu mbili tofauti, na wote wawili wakaenda zao wameridhika.

Zafarani ni mfano mzuri. Kwa Wahindi ni kesari, ya kuchangamsha moyo. Kwa Waswahili ni wino wa kombe: aya huandikwa kwenye sahani kwa zafarani na maji ya waridi, zikaoshwa, na mwenye wasiwasi au pepo akanywa yale maji. Anayekunywa kombe hatafuti kemia, wala hakuna haja ya kumlazimishia. Lakini huko Tehran, mwaka 2004, watafiti waliwapa wagonjwa 30 wa sonona ama miligramu 30 za zafarani kwa siku ama imipramini, dawa ya siku nyingi ya ugonjwa huo. Baada ya wiki sita makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu ya kukaribiana. Majaribio mengine yakafuata, mengi yakiwa madogo, mengi yakifanywa na Wairani wenyewe, ambao ndio wakulima wakuu wa zafarani duniani. Dalili ni nzuri. Kuiita tiba iliyothibitishwa ni kuikimbilia.

Kungumanga haina sifa ya upole namna hiyo. Pwani hukunwa kidogo kwenye uji, kwenye maziwa ya usiku, kwenye kahawa, na waganga wa Ayurveda huiandika kwa mtu asiyelala. Kidogo hicho hakina neno. Lakini kokwa moja zima lina gramu tano hivi au zaidi, na hapo mirisitisini iliyomo huanza kufanya kazi nyingine kabisa: moyo kudunda, kinywa kukauka, kichefuchefu, hofu, maruweruwe yanayoweza kudumu siku nzima na kuvuka. Mwaka 1829 mwanafiziolojia Jan Purkinje, aliyekuwa akifundisha Breslau, alikula kokwa tatu kusudi aone itakuwaje, na akayaandika maruweruwe yake kwa utulivu wa mtu aliyezoea kujifanyia majaribio. Mama anayekuna kungumanga mara tatu juu ya kikombe na kijana anayesaga kokwa mbili kwa sababu kasikia zinaleta usingizi hawatumii dawa moja.

Mvuje nao una historia yake. Utomvu huo unaonuka, unaotoka Iran na Afghanistan, Wahindi hutia kwenye dengu ili kuzuia gesi, na waganga wao huuhesabu miongoni mwa vituliza-upepo. Mama wa Kiswahili huufunga katika kitambaa cheusi na kumvisha mtoto mchanga, au huufukiza, ili mtoto asishtuke, asipatwe na degedege. Kumvisha mtoto mvuje si tatizo kubwa. Hatari iko katika saa zinazopotea. Utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa 1996 ulionesha jinsi wazazi walivyoitazama degedege kama jambo la tiba za jadi kwanza, na hospitali baadaye, ilhali nyuma ya degedege nyingi kulikuwa na malaria iliyopanda ubongoni. Kaskazini ya Mombasa, kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza Kilifi mwaka 1989 kimetumia miaka mingi kuchunguza malaria ya namna hiyo na kifafa kinachoweza kubaki baada yake. Mtoto aliyepigwa na degedege na homa anahitaji hospitali usiku uleule, mvuje ukiwa shingoni au usiwepo.

Hadi hapa tumekuwa jikoni. Mimea miwili iliyoibadilisha sayansi ya ubongo yenyewe haionekani kwa urahisi kwenye mikebe ya Langoni, na ajabu ni kwamba Waafrika Mashariki wanaijua, au wanawajua ndugu zake, kwa shughuli nyingine kabisa.

Wa kwanza ni sarpagandha, kichaka cha Bara Hindi ambacho wataalamu hukiita Rauvolfia serpentina. Mzizi wake ulitumika kwa wendawazimu na wasiolala kwa vizazi. Mwaka 1931 Gananath Sen na Kartick Chandra Bose wa Calcutta waliandika kwamba unatuliza kichaa na kushusha presha. Ulaya haikuwasikiliza. Ilibidi Rustom Jal Vakil, daktari wa moyo wa Bombay, aandike kuhusu wagonjwa wake wa presha katika jarida la Uingereza mwaka 1949, ndipo macho yakafunguka. Mwaka 1952 wakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, walitoa katika mzizi huo dawa ya reserpini, na mwaka 1954 Nathan Kline, wa hospitali moja ya serikali ya jimbo la New York, akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa wa akili. Dawa ya waganga wa Kihindi ilikuwa imeingia katika wodi za Marekani kwa mlango wa mbele.

Haikukaa kwa amani. Baadhi ya waliotumia reserpini kwa presha waliingia katika huzuni nzito, na wengine pua ziliziba na mapigo ya moyo yakapungua. Viwango vinavyotumika ni vya sehemu ya miligramu, kiasi ambacho hakuna anayeweza kukipima kwa vidole kutoka kwenye unga wa mzizi. Soko nalo lilipohitaji mizizi mingi kuliko India ilivyoweza kutoa, viwanda viligeukia Rauvolfia vomitoria ya misitu ya Kongo. Na ndugu yao mwingine, Rauvolfia caffra, yuko Kilimanjaro: ndio msesewe, ule mti ambao Wachaga hutia gome lake chungu kwenye mbege. Wanywaji wa mbege hawajapata kudai kwamba wanakunywa dawa ya akili, ingawa baada ya kata ya tatu wapo wanaotulia sana.

Mwaka 1957, katika chuo kikuu cha Lund, Uswidi, Arvid Carlsson aliwadunga sungura reserpini wakalala kimya, masikio yameanguka, hawawezi kusogea. Kisha akawapa kemikali iitwayo L-dopa. Katika muda mfupi wakainuka. Kutokana na jaribio hilo Carlsson akaonesha kwamba dopamini ni mjumbe wa ubongo, na kwamba ukiikosa mwili hukakamaa, hali inayofanana na ugonjwa alioueleza James Parkinson mjini London mwaka 1817. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2000.

Ile L-dopa sasa. Miaka 20 kabla ya sungura wa Lund, mwaka 1937, wanasayansi wawili wa Kihindi, Damodaran na Ramaswamy, walikuwa wameikuta kwa wingi katika mbegu za mmea ambao waganga wa Ayurveda waliwapa watu wanaotetemeka. Mmea huo ni upupu.

Upupu uleule. Ule ambao mtoto mtukutu wa Pwani huuokota kwa jani, akaupaka kwenye kiti cha mwalimu, kisha akakaa kimya akingojea. Malaika ya dhahabu yanayofunika ganda lake yana kimeng'enya kinachochokoza ngozi mpaka mtu avue nguo barabarani. Ndani ya ganda hilo mna mbegu nene, nyeusi au za madoadoa, na katika kila gramu mia za mbegu hizo gramu kadhaa ni L-dopa tupu. Dawa yenyewe, haina haja ya kugeuzwa. Jamaa yake asiyewasha hata hupandwa: watafiti wa kilimo wa Mtwapa, kilomita chache kaskazini ya kisiwa, wamemjaribu kwa miaka kama mbolea ya kijani ya kurutubisha mashamba ya mahindi.

Je, mbegu inafanya kazi kwa binadamu? Inafanya. Mwaka 2004 madaktari wa London waliwapa wagonjwa wanane wa Parkinson ama dawa ya kawaida ama gramu 30 za unga wa upupu. Upupu uliwahi kuanza kazi na ukadumu zaidi. Mwaka 2017 timu iliyoongozwa na Roberto Cilia ilifanya jaribio jingine kwa wagonjwa 18 huko Bolivia, safari hii kwa mbegu zilizokaangwa na kusagwa, ikapata kwamba unga haukupitwa na dawa ya dukani, na mtukutiko wa viungo ulikuwa mdogo. Ingeishia hapo, ingekuwa hadithi tamu ya dawa ya bure inayoota kando ya njia.

Mwaka uliofuata timu hiyo iliwapa wagonjwa 14 unga huo kila siku kwa wiki kadhaa badala ya mara moja. Nusu yao waliacha. Wengine matumbo yaliwashinda, wengine hali yao ya viungo ilizidi kuwa mbaya. Sababu mojawapo inajulikana: vidonge vya kisasa huchanganya L-dopa na kabidopa, ambayo huizuia isigeuke dopamini kabla ya kufika ubongoni. Upupu hauna kabidopa, kwa hiyo mgonjwa hulazimika kumeza nyingi, na sehemu kubwa huishia tumboni ikimtapisha.

Suala hili si la wazungu na maabara zao. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro kunakoota msesewe, katika jamii ya watu zaidi ya 161,000. Walipata watu zaidi ya 30 wenye Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Jirani walisema ni uzee, au wamerogwa. Nchini Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba maduka mengi ya dawa hayakuwa na dawa za Parkinson, na pale zilipokuwapo bei ilikuwa mzigo kwa mtu wa kipato cha kawaida. Katika hali hiyo si upuuzi kuuliza habari za upupu. Ila ni swali la daktari wa neva aliye na mizani na mgonjwa mbele yake. Atakayechuma porini na kusaga nyumbani atakuwa anajipa dozi asiyoijua ya dawa kali.

Kwa sasa lakini jina linalotajwa zaidi Mombasa si upupu. Ni ashwagandha. Chupa zake zimepangwa katika maduka ya dawa ya Nyali na katika maduka ya viungo ya mjini, zikitoka India, zikiahidi usingizi na kupunguza msongo. Mmea wenyewe, Withania somnifera, huota bila kupandwa katika nyika za Kenya, na wafugaji wana matumizi yao wenyewe ya mizizi yake. Ushahidi wake ni wa kiasi: mwaka 2012, huko India, watu 64 wenye msongo walipewa ama miligramu 300 za kamulio la mzizi mara mbili kwa siku ama vidonge bandia, kwa siku 60, na waliopata mzizi walitulia zaidi, homoni ya kotisoli ikashuka. Majaribio mengine yameelekea huko huko. Upande wa pili, mwaka 2020 madaktari wa Iceland na Marekani walieleza wagonjwa watano waliodhurika ini na kugeuka manjano baada ya kuitumia, na mwaka 2023 Denmark iliipiga marufuku. Uamuzi wa Denmark unaweza kuonekana mkali mno, maana wengi huitumia bila kudhurika. Lakini mwenye matatizo ya ini au tezi, mjamzito, na anayemeza dawa za usingizi hawana sababu ya kuijaribu bahati.

Kisha kuna kisichoandikwa kwenye chupa. Mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya Kihindi ya eneo la Boston. Katika 14, yaani moja katika kila tano, walikuta risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya madini hayo hayaingii kwa bahati mbaya. Shule moja ndani ya Ayurveda, rasa shastra, huyatia kwa makusudi baada ya kuyachoma na kuyasafisha kwa utaratibu wake. Risasi huharibu neva na akili za watoto. Mtu anaweza kununua unga wa kumpa mwanawe kumbukumbu, na unga huo ukampunguzia.

Kenya ina sheria kuhusu jambo hili. Sheria ya Afya ya 2017 ina sehemu nzima kuhusu tiba za jadi na mbadala, na Bodi ya Famasia na Sumu husajili bidhaa za mitishamba. Chupa yenye usajili inaweza kufuatiliwa. Unga wa kupimwa kwenye karatasi hauna namba, hauna tarehe, na akikosea muuzaji mkebe hakuna atakayejua. Wauzaji wa zamani wa Langoni hulijua hili kuliko waandishi wa sheria: wapo ambao hukataa kumuuzia mwanamke mwenye mimba baadhi ya mizizi, na huuliza kwanza kama mgonjwa ana presha au sukari. Wengine, hasa wapya, huuza tu.

Na kuna jambo ambalo muuzaji hupaswa kuliuliza kabla ya mzizi wowote: mteja anatafuna nini jioni? Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilijaribu kupiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha amri hiyo, na mabishano yakaendelea. Kathinoni iliyo katika muguka na miraa huamsha neva kwa namna inayokaribiana na amfetamini. Kijana anayetafuna hadi saa sita za usiku, akashushia na kahawa chungu ya tangawizi, kisha akaja asubuhi kuulizia ashwagandha kwa sababu moyo unamwenda mbio na usingizi umemkimbia, hahitaji chupa yoyote. Aache kutafuna kwa wiki mbili, aone. Usingizi ukikataa bado, au ikiwa kuna huzuni isiyokwisha, mitetemo, kifafa au sauti asizozisikia wengine, yapo madaktari wa akili katika hospitali za serikali za Mombasa, Makadara na Port Reitz. Aendapo achukue na kile kifurushi cha Langoni, au chupa, au jina lake likiwa limeandikwa kwenye karatasi, ili daktari aone kinachomezwa kabla ya kuandika dawa nyingine juu yake.